Fundi Aliyekataa Kuapa

Mtu wa kwanza kuniambia kwa kinywa chake kwamba Mungu hayupo alikuwa fundi wa matofali, na aliniambia tukiwa katikati ya kupatana bei.

Nilikuwa nimepanda mlimani juu ya Ilomba kutazama tanuri lake. Nilitaka kujenga nyumba ya tofali za kuchoma na kuachana na ile ya miti na udongo niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Tulivutana tangu jua linapanda. Yeye hakupandisha sauti wala hakushusha bei. Mwishowe nikatumia neno ambalo sokoni Mbeya lilikuwa halijanitupa hata siku moja: nikamwambia anifikirie mimi mjane, Mungu atamwongezea alipopunguza.

"Mama Isakwisa, huyo tusimtie katika bei yetu," akasema. "Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Mungu."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia karani ametoka kidogo. Kisha akainama, akaendelea kuziba ufa wa tanuri kwa udongo. Mimi nilibaki nimeshika kilemba changu. Nilingoja kitu kitokee, sijui nini, tanuri lipasuke au yeye mwenyewe aanguke. Upepo ulivuma kama kawaida. Nilikuwa nimeshafanya biashara na Wakristo, na Waislamu, na Mabaniani, na wazee wa Kisafwa wanaotambikia milima yao, na kila mmoja alikuwa na mahali pa kumshikia. Huyu nilikosa pa kumshika. Nikakubali bei yake, nikashuka, na njia nzima nikawa najiuliza nitalalaje ndani ya kuta zilizotoka kwenye mikono ile. Nimelala humo hadi leo. Hazijapata ufa.

Jina lake lilikuwa Yotamu Kalinga, Mhehe wa Ipogolo, pale bondeni kabla barabara haijapanda kuingia Iringa mjini. Wamisheni walimsomesha, wakambatiza, akaimba kwaya. Ujanani akaenda Chunya kuchimba dhahabu, na alipotoka huko hakuwa na dhahabu wala imani. Watu walisema ni Chunya iliyomharibu, kwamba aliona wenzake wakifukiwa mashimoni, waliosali na wasiosali, akakata tamaa. Siku moja nilimwuliza mwenyewe kama ndivyo.

"Hapana," akasema. "Hata kabla ya Chunya. Nilikuwa nikisali nasikia sauti yangu tu. Nikaona nisimsingizie mtu."

Hilo lilinishtua kuliko lile la kwanza. Mtu aliyekosana na Mungu ninamwelewa, mimi mwenyewe nimekosana naye mara kadhaa, hasa mvua inapoharibu maharage yangu njiani. Yotamu hakuwa amekosana na yeyote. Alikuwa mtulivu. Tulimtafutia dosari ili tupate kupumua: hakunywa, hakugombana, na tofali ikivunjika mlangoni kwako alileta nyingine bila kuambiwa. Jaffer, Mwislamu wa Kihindi mwenye duka pale mjini na lori lililokuwa likitupelekea mizigo Iringa, alimwuliza siku moja mbele yetu sote:

"Mimi najua Mwislamu, najua Mkristo, najua Baniani. Wewe nikuweke rafu gani?"

"Niweke kwa wateja," Yotamu akajibu.

Jaffer alicheka mpaka akavua kofia. Yotamu alipoondoka, akaniinamia akasema, "Lakini mama, yule mtu ananitia baridi."

Kanisa letu la mlimani lilikuwa na desturi moja. Kabla ya Meza ya Bwana, kila mshiriki alikwenda peke yake kwa mzee wa kanisa, wakakaa, akaulizwa ana ugomvi na nani, nyumbani kwake kukoje, na imani yake ikoje. Wengi tulijibu haraka haraka, maana foleni ilikuwa nje na kila mtu ameacha kazi. Mzee wetu alikuwa Mzee Jailos, mtu mrefu, mkali wa macho, aliyekuwa Mkristo wa kwanza katika ukoo wake. Yotamu alipofika hapa kutoka Chunya alikwenda kwake kama wengine, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye barua ya kanisa la Iringa. Akaulizwa imani yake ikoje. Akajibu kwamba haipo. Jumapili iliyofuata Mzee Jailos akasimama, akatangaza kwamba Yotamu Kalinga ametengwa. Hatukuwa tumewahi kusikia mtu ametengwa kwa kosa lile. Tulizoea waliotengwa kwa pombe au kwa wanawake.

Cha ajabu ni kwamba hao wawili hawakuachana. Jioni Mzee Jailos alikuwa akipita tanurini, anakaa kwenye gogo, wanapigana maneno.

"Huu moto wako ni wa mazoezi tu, Yotamu. Wenyewe unakungoja."

"Nikifika huko, Mzee, nitawaonyesha namna ya kupanga kuni. Wasizimalize bure."

"Utacheka mpaka lini?"

"Mpaka wewe uache kuja."

Na kanisa lilipoamua kujenga kuta za tofali, walikwenda kwa nani? Kwa Yotamu. Aliwachomea tofali nzuri kuliko zangu, nasema hivyo nikiwa na uchungu. Fedha za bati hazikutosha, hivyo paa likawa la nyasi.

Sasa nieleze habari za Tusekile. Alikuwa mke wa pili wa bwana mmoja wa pale mlimani, na mimi nilikuwa nikinunua viazi vyake, maana hakuna aliyekuwa na viazi vikubwa kama yeye. Mumewe akataka kubatizwa. Kanisa likamwambia abaki na mke mmoja. Akabaki na wa kwanza. Tusekile akarudishwa kwao na godoro la majani na sufuria, watoto wakabaki kwa baba. Siku ya ubatizo, watu wamejaa mlangoni na nguo nyeupe, Tusekile akapanda njia ile taratibu, akasimama mbele ya mlango, akasema bila kupaza sauti:

"Nyumba hii imenitoa katika nyumba yangu. Na yenyewe haitakaa."

Akashuka zake. Kwaya ilishindwa kuanza. Nilikuwa pale, niliona mikono ya mchungaji ilivyoshika kitabu. Sisi wa milima hii, hata tuwe tumebatizwa mara ngapi, neno la mtu aliyedhulumiwa tunaliogopa. Tunasema hatuliogopi, na usiku tunafunga mlango vizuri.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, kiangazi. Karibu na sikukuu ya mavuno nyuki wakaingia katika nyasi za paa la kanisa, juu ya mimbari kabisa. Jumapili moja walimuuma mchungaji shingoni, mahubiri yakaisha mapema, na wengine wetu hatukusikitika. Mchungaji akasema tungoje mrina asali aje awatoe. Ikaja Jumapili ya sikukuu. Alfajiri tukaamshwa na mayowe. Nilipotoka nje niliona mlimani mwanga mkubwa. Tulipofika juu, paa lilikuwa limeshaanguka ndani, na kuta za Yotamu zimesimama nyekundu kama bado zimo tanurini. Watu walikuwa wamekuja na mahindi yao na kuku wao wa sadaka, wamesimama navyo mikononi. Hakuna aliyesema neno la nyuki. Jina lililotoka kinywani mwa kila mtu lilikuwa moja.

Mchana ule ule askari wa chifu walimfuata Tusekile kwao. Hawakumkuta anakimbia. Alikuwa ameketi. Wakamwuliza kama amechoma kanisa, akanyamaza. Wakamwuliza kama alisema litaanguka, akasema ndiyo, nilisema. Wakamweka ndani pale kwenye baraza la chifu kungoja siku ya kusikilizwa. Mahakama ya wenyeji haikuwa na uwezo wa kumfunga kwa jambo kubwa kama lile, lakini ilikuwa na uwezo wa kuamua kama kuna kesi. Ikisema ipo, anapelekwa Boma kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kila mtu alijua aliyechoma nyumba ya Mungu atapata nini huko. Miaka ya jela, na watoto wasimwone tena mpaka wameota ndevu.

Nilipeleka maharage Iringa juma lililofuata kwa lori la Jaffer. Pale Ipogolo tuliposimama kuweka maji kwenye rejeta, nikamwona Yotamu amekaa nje ya nyumba ya mama yake anamenya ndizi. Alikuwa ameondoka Mbeya alfajiri ile ile ya sikukuu, kumwuguza mama, kabla moto haujaonekana. Hakuwa na habari. Nikampa zote: kanisa, Tusekile, na kwamba keshokutwa anasikilizwa.

Akaacha kumenya.

"Nani amesema ni Tusekile?"

"Kila mtu. Mzee Jailos ndiye mlalamikaji kwa niaba ya kanisa."

"Mzee Jailos amesema ni Tusekile?"

"Amesema alisikia neno lake kama sisi sote, na moto umekuja."

Nilikuwa na haraka, nikamwuliza kama anajua kitu. Akasema, "Ninajua kitu, lakini nitakisema mahali kinapotakiwa kusemwa, na mbele ya anayehusika." Akaingia ndani, akatoka na koti. Nilimwuliza mama yake atabaki na nani. Akasema dada yake anakuja. Jaffer alipogeuza lori kesho yake, Yotamu alikuwa juu ya magunia matupu. Njia nzima nilimchimba, kwa maana mimi nikitaka kitu kwa mtu huwa nakipata, lakini nilipata baridi tu ya Makambako.

Tulifika asubuhi ya siku yenyewe. Alishuka akaenda moja kwa moja kwa Mzee Jailos. Mkewe akamwambia mzee ametangulia barazani.

Baraza lilikuwa limejaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa Mzee Asukile, mtu mfupi mwenye subira, na wazee wawili pembeni yake. Tusekile aliketi chini, miguu amenyoosha, macho mbele. Mashahidi wa kanisa walikuwa wameshasema, na wote walisema jambo moja: neno lake mlangoni. Hakimu aliuliza kama kuna aliyemwona na moto. Hakuna. Akauliza kama kuna aliyemwona mahali pengine usiku ule. Hakuna. Ilionekana wazi anakotaka kwenda: kusema kesi ipo.

Ndipo Yotamu akasimama nyuma akasema ana ushahidi.

Karani akaweka mezani Biblia. Pembeni ya Biblia akaweka Kurani. Chini akalaza mkuki, kwa ajili ya wale wa jadi, ambao walikuwa wakiuruka na kutaja mababu. Hakuna aliyekosa chake hapo. Akamwambia Yotamu achague.

"Hakuna changu hapo," Yotamu akasema.

Nilisikia baraza zima likivuta pumzi. Hakimu alidhani hakusikia vizuri.

"Wewe fundi si umebatizwa? Jina lako la kwenye Kitabu."

"Jina nilipewa, nalitumia. Imani sina."

"Basi ruka mkuki."

"Mkuki ni chuma, Mzee. Nikiuruka nitakuwa nimeruka chuma."

Mtu mmoja dirishani akacheka, kisha akaacha alipoona ni peke yake. Hakimu akajiegemeza.

"Nisikilize. Kiapo ni kamba. Mkristo nimemfunga hapa, Mwislamu hapa, mpagani pale. Wewe ambaye huogopi chochote nitakufunga na nini? Nitajuaje husemi uongo?"

"Sijui," Yotamu akasema. "Labda uniulize, kisha uchunguze."

"Baraza hili halisikii mtu asiyeapa. Toka nje ufikiri."

Nilimfuata nje, nikamshika mkono wa koti. Nilikuwa na hasira. Nilimwona Tusekile kwa ndani, na niliona dakika zinavyokwisha.

"Yotamu, shika kile kitabu. Kwako ni karatasi. Shika karatasi, sema maneno, yule mwanamke atoke. Hakitakuuma."

"Mama Isakwisa, wewe ukipima maharage unaweka kokoto chini ya debe?"

"Unajua siweki."

"Wengine wanaweka. Kwa nini wewe huweki?"

"Mteja akiikuta mara moja harudi."

"Basi usiniambie nianze na kokoto. Nikiapa kwa nisichoamini, neno langu la kwanza mle ndani ni uongo. La pili atalinunua nani?"

Nilimtukana kidogo. Tukarudi ndani.

Hakimu akauliza kama amefikiri. Yotamu akasema amefikiri na bado hawezi. Hakimu akamwamuru karani afute jina lake. Karani alikuwa ameshashika kalamu aliposimama Mzee Jailos.

"Hakimu, nina neno."

"Wewe ni mlalamikaji, umeshasema."

"Hili si la malalamiko." Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, jeusi. "Mtu huyu nilimtenga mimi. Alikuja kwangu kabla ya Meza, nikamwuliza imani yake, akasema haipo. Nikamwomba, Yotamu, sema ni ndogo. Hata ikiwa kama punje, sema ni ndogo, nitakuandika, tuendelee. Nilimwomba hivyo zaidi ya mara moja. Angesema ndogo asingetengwa, asingekosa mke hapa, watoto wasingemwita shetani njiani. Hakusema. Siku ile ile walipita kwangu watu wengi, wote wakasema wanaamini sana. Wengine wao mmo humu ndani. Niliwaandika, nami najua nilichoandika."

Mimi nilitazama chini.

"Mnataka kamba ya kumfungia," akaendelea. "Nifungeni mimi. Nitaapa kwa Kitabu hiki kwamba Yotamu Kalinga akisema ameona, ameona."

Yotamu akageuka kabisa kumtazama. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona uso wake umebadilika.

"Mzee, kaa," akasema. "Usiape. Hujui nitakachosema."

"Sihitaji kujua."

"Nilikuja kwako asubuhi. Hukuwepo. Tutoke nje kwanza tuzungumze."

"Mambo ya nje nje siyataki. Sema hapa."

"Mzee Jailos, nakusihi."

"Mtu asiye na Mungu ananisihi," Mzee Jailos akasema, na watu wengine wakatabasamu, yeye mwenyewe akiwamo. Hakimu akainamiana na wazee wake. Wakakubali. Mzee Jailos akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwa sauti yake ya kanisani, kila neno mahali pake. Kisha akarudi kukaa.

Hakimu akasema, "Haya, fundi. Uliona nini?"

Yotamu akaigeukia meza.

"Jioni ya Jumamosi, kabla ya sikukuu, nilikuwa nashuka mjini kulala kwa Jaffer ili niondoke na lori alfajiri. Nilipita kanisani. Palikuwa na ngazi ukutani. Mzee Jailos alikuwa juu ya paa, ana bunda la majani na mavi makavu ya ng'ombe linafuka moshi. Nikamwuliza, Mzee, unamtafuta Mungu huko juu? Akaniambia, nafukuza nyuki wake. Nikamwambia upepo ni mkali. Akasema amerina asali tangu hajaota meno. Tukaagana. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Ni hayo tu."

Nimewahi kuwa sokoni siku paa la soko lilipong'olewa na upepo. Kimya kinachofuata, kabla watu hawajaanza kukimbia, ndicho kilichokuwa pale. Kisha wakalipuka. Mwongo huyo. Mpagani. Hana Mungu, anawezaje kumshitaki mtu wa Mungu. Vijana wa kwaya walisimama, mmoja akataka kumfikia. Askari wakawasukuma. Yotamu hakujitetea. Alikuwa anamtazama Mzee Jailos tu, na Mzee Jailos alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Hakimu alipiga meza mpaka wakatulia.

"Mzee Jailos. Umeapa kwamba mtu huyu akisema ameona, ameona. Unasemaje sasa?"

Mimi ni mtu wa kuona mlango wa kutokea. Nilimwonea milango chungu nzima. Angesema ilikuwa Jumamosi nyingine. Angesema fundi aliona mtu mwingine, giza lilikuwa linaingia. Angesema tu kwamba aliapa kwa nia njema, akadanganywa na asiye na Mungu, na baraza zima lingemshangilia na kumbeba mabegani. Kwa Tusekile hakuna ambaye angelia. Mimi ningechukua mmoja wa milango hiyo, sioni haya kusema.

Mzee Jailos akasimama. Ilimchukua muda, alishika kiti cha mbele.

"Nilipanda," akasema.

Mkewe, aliyekuwa kwa wanawake, akasema taratibu, "Jailos."

"Mchungaji alinikataza, alisema tungoje mrina asali. Nikaona aibu, sikukuu ya mavuno, watu wanakimbia nyuki ndani ya nyumba ya Bwana. Nikapanda. Nyuki wakatoka. Nikashuka, nikalichovya bunda majini, likatoa mvuke. Nikasema limezima. Kulipokucha, kabla sijafika mlimani, watu walikuwa wameshataja jina la huyu mwanamke, nami nikasema moyoni, ndiyo, ni yeye, mimi nililizima. Cheche ilibaki kwenye nyasi. Kila aliyewahi kurina asali anajua inavyolala humo. Hata mimi nilijua."

Hakimu alisema maneno mengi baada ya hapo. Sikuyashika. Nilichoshika ni kwamba hakuna kesi ya kupeleka Boma, na Tusekile yuko huru. La Mzee Jailos akaliachia kanisa. Kanisa halikukawia: lilimvua uzee, likamtenga kwa kuacha mwanamke ashitakiwe. Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile watu walitawanyika. Nilimwona mwalimu wa kwaya akitembea upande usio wa kwao.

Yotamu alikuwa amesimama nje ameshika kofia. Nilidhani Tusekile atamwendea, atapiga goti, atashukuru. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandaa uso wangu kwa ajili hiyo. Tusekile akatoka, akajifunga kanga vizuri, akaja hadi mbele yake.

"Nani alikuita?"

Yotamu hakuelewa. "Dada, ungefungwa."

"Nilijua ni mimi," Tusekile akasema. "Siku zote zile mle ndani nilijua ni mimi. Walinitoa nyumbani kwangu, hakuna aliyenisikia, si mume wangu, si mchungaji, si wewe. Nikasema neno, na neno likaenda likafanya kazi. Nilikuwa nalala vizuri."

"Neno halichomi nyasi, dada."

"Ndiyo. Umeshawaambia wote." Akatazama upande wa Mzee Jailos, aliyekuwa akisaidiwa na mkewe kushuka ngazi za baraza. "Yule mzee ni mbaya, lakini aliniamini. Kanisa zima liliniogopa. Ningefungwa nikiwa mtu. Sasa naenda nyumbani nikiwa nani?"

Yotamu akaivaa kofia, akaivua tena. Mtu ambaye hakushindwa na hakimu wala mkuki. Mimi nilitazama huku na huku kama nitapata wa kuniambia kilichotokea ni nini. Nilikuwa nimeona mtu asiye na Mungu akikataa kusema uongo, na mtu wa Mungu akijifunga kwa kamba yake mwenyewe, na hayo yalikuwa yametosha kunitoa pumzi. Sikuwa na nafasi tena ya hili. Nikafanya ninachojua. Nikamwuliza Tusekile viazi vyake viko wapi.

"Bado vimo ardhini. Vitaoza. Nani angenichimbia?"

Nikamwambia nitakuja na magunia kesho yake. Akashika njia ya kwao.

Kesho yake nilifika jua limeshapanda. Shambani nilimkuta Yotamu na jembe, amekunja suruali. Kwenye tuta la mbali alikuwapo Mzee Jailos, mtu mzima wa makamo yale, anachimba polepole na kuviweka viazi kando bila kuvikata. Hawakuwa wakisemezana, wala hapakuwa na utani. Sijui nani alianza kufika, na hakuna aliyeniambia.

Tusekile alikuwa ameketi mlangoni kwake, mikono imekunjwa, anawatazama. Jua lilikuwa kali, na hakuwa amewapelekea hata maji.